Jinsi ya Kuthibitisha Athari ya Sayansi katika Kazi ya Mwandishi

Mwanafunzi wa fasihi hapa Nairobi anapodai katika tasnifu yake kwamba mwandishi fulani aliathiriwa na sayansi ya kisasa, mara nyingi ushahidi anaoutoa ni orodha ya maneno: roketi, maabara, kompyuta, umeme. Orodha hiyo haitoshi, kwa kuwa neno la kisayansi laweza kuwa pambo tu. Athari yenyewe huonekana pale ambapo kisa kisingewezekana, au swali linalokiendesha lisingeulizwa, lau mwandishi asingefikiwa na habari za ugunduzi wa wakati wake.

Kwa hiyo anza na tarehe. Chukua mfano wa Frankenstein, riwaya ya Mary Shelley iliyotoka London mwaka 1818, inayosimulia jinsi Victor Frankenstein anavyokipa uhai kiumbe alichokiunda mwenyewe. Mwaka 1791, Luigi Galvani wa Bologna alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha kwamba miguu ya chura aliyekufa hurusharusha misuli inapoguswa na umeme; na Januari 1803 mpwa wake, Giovanni Aldini, akaujaribu umeme huo jijini London juu ya maiti ya mtu aliyenyongwa. Shelley alizaliwa mwaka 1797, hivyo alikuwa mtoto mdogo wakati huo. Tafuta basi habari hizo zilimfikia kwa njia gani. Jibu analitoa mwenyewe katika dibaji ya toleo la mwaka 1831, anaposimulia mazungumzo ya washairi Byron na Percy Shelley, mume wake wa baadaye, kuhusu asili ya uhai, aliyoyasikiliza karibu na Geneva mwaka 1816.

Hatua inayofuata ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, nayo hurukwa mara nyingi: linganisha matoleo. Katika toleo la mwaka 1818, radi inaupasua mti wa mwaloni mbele ya kijana Victor, na baba yake ndiye anayemweleza umeme ni nini, akimtengenezea mtambo mdogo na tiara yenye waya. Katika toleo la mwaka 1831 baba ameondolewa mahali hapo. Mgeni aliyebobea katika elimu ya maumbile ndiye anayeeleza, na nadharia ya Galvani inatajwa waziwazi. Badiliko kama hilo lina uzito kuliko kurasa nyingi za kukisia, maana linaonyesha mkono wa mwandishi ukiisogeza sayansi karibu zaidi na kiini cha kisa. Zingatia pia kwamba kiumbe kinapopewa uhai, Shelley anataja cheche na vyombo vya uhai tu, wala haelezi mtambo wowote. Usimwongezee mashine ulizoziona katika filamu.

Ukija kwa waandishi wetu, jihadhari na ukaribu wa mahali. Katika Walenisi ya Katama Mkangi, iliyochapishwa Nairobi mwaka 1995, Dzombo aliyehukumiwa kifo anasafiri kwa chombo cha angani hadi kwenye jamii yenye usawa. Mkangi alikuwa mtu wa Pwani, na tarehe 12 Desemba 1970 setilaiti iliyopewa jina la Uhuru ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Inashawishi sana kuyaunganisha mambo haya mawili, lakini bila mahojiano, barua au makala ya mwandishi mwenyewe, huo unabaki kuwa muktadha tu. Naona ni busara zaidi kuitazama taaluma yake: alifundisha sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na sehemu kubwa ya riwaya inahusu namna jamii inavyogawana kazi, mali na madaraka. Sosholojia nayo ni sayansi ya kisasa, na hapa imeacha alama nzito kuliko chombo cha angani.

Ili kujua wasomaji wa jiji hili walikuwa wakisoma nini kuhusu sayansi katika mwaka unaouchunguza, pitia magazeti ya zamani katika Maktaba ya McMillan, Mtaa wa Banda, ukinakili tarehe na ukurasa wa kila habari.

Unapoandika, pima vitenzi vyako. Tumia “aliathiriwa na” pale tu unapoweza kuonyesha njia ya habari pamoja na alama yake katika matini; ukiwa na alama peke yake, andika “inaafikiana na”, kisha ueleze ni ushahidi gani ungehitajika ili dai hilo lipande daraja.