Kupima tope la Ruvu linavyonasa metali: chuja kwanza, asidi baadaye

Wiki mbili zilizopita dogo mmoja wa chuo aliniletea majibu ya maji aliyochota mlango wa Ruvu, hapa Bagamoyo. Chuma kimepaa, risasi nayo juu. "Kaka, mto umeharibika kiasi hiki?" Nikamuuliza jambo moja tu: asidi ulitia saa ngapi? Akanyamaza. Miaka ya nyuma nami niliwahi kunyamaza vilevile, ndiyo maana naandika.

Ujue kwanza unachotafuta. Ruvu inashuka kutoka Uluguru na tope lake, na masika yakikolea maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Chembe nyingi za tope hilo zimevaa utando mwembamba wa oksidi za chuma na manganizi, pamoja na mabaki ya majani yaliyooza. Utando huo ndio unaonasa risasi, shaba na zinki. Chembe ikizama, inazama na mzigo wake. Ziwani mwani nao unafanya kazi hiyohiyo: unaota, unakufa, unashuka na metali zake. Kwa sababu hii risasi hudumu katika maji ya bahari miongo kadhaa tu, ilhali sodiamu, isiyoshikika kirahisi, hukaa mamilioni ya miaka.

1. Vifaa. Chupa za plastiki zilizolowekwa kwenye asidi na kusuuzwa vizuri, sirinji, chujio za mikromita 0.45, kipima chumvi, deli lenye barafu. Glavu ziwe zisizo na poda, maana poda ile mara nyingi ina zinki, utakuja kupima glavu badala ya bahari.

2. Siku. Nenda maji mafu, bahari inapojaa na kupwa kidogo. Bamvua, yaani maji makubwa, linachimbua tope la chini na kukuchanganyia hesabu. Nahodha azime injini, nawe uchote omo (mbele ya boti), kinyume cha mkondo, siyo tezi (nyuma) kwenye mafuta.

3. Vituo. Usihesabu kilomita, hesabu chumvi. Chota kwenye gramu 0, 1, 2, 5, 10, 20 na 35 kwa kila kilo ya maji. Nimezibananisha mwanzoni makusudi: chumvi kidogo tu inatosha kuzifanya chembe zishikane mabonge, na chuma kingi huganda na kuzama hapo. Ukiruka kutoka 0 hadi 10 umelikosa tukio lenyewe.

4. Kuchuja. Hapa ndipo nilipopoteza siku nzima na hela ya mafuta ya boti. Nilikuwa nimezoea maji ya visima, ambako wengi hutia asidi palepale kisimani. Nikafanya hivyohivyo kwenye boti, chupa zote, halafu jioni nikachuja. Asidi ilikuwa imeshavua metali kutoka kwenye chembe na kuziingiza majini. Ukishafanya hivyo huwezi kujua tena kipi kilikuwa kimeyeyuka na kipi kilikuwa kimenaswa. Hakuna hesabu ya kukuokoa, unarudi kukodi boti.

Kwa hiyo chuja kwanza. Tena chuja mapema, ikiwezekana mlemle botini, kwa sababu ndani ya chupa chembe zinaendelea kunasa na ukuta wa chupa nao unanasa. Kuacha hadi kesho ni kupima maji mengine.

Mimi ni mtu wa sirinji. Pampu ya kuvuta hewa ni nzuri maabara, lakini kwenye boti inayoyumba ni adha. Mwaga mililita za mwanzo zilizopita kwenye chujio, ndipo ukinge. Sirinji ikianza kuwa ngumu, badilisha chujio, usishindane nayo. Chujio iliyoziba matundu yake yanakuwa madogo kuliko ilivyoandikwa, inashika hata vichembe ambavyo vingepita, na chuma "kilichoyeyuka" kinashuka bila mto kubadilika. Ukilazimisha sana inapasuka, na hutaona. Masika jiandae na chujio nyingi kuliko unavyodhani.

Pitisha pia maji safi ya maabara kwa vifaa vilevile. Yakitoka na zinki, tatizo ni lako.

5. Asidi. Sasa, kwenye maji yaliyokwisha chujwa, tia ya nitriki iliyo safi ili metali zisinase kwenye ukuta wa chupa; pH (kipimo cha ukali wa asidi) ishuke chini ya 2.

6. Tope. Chuja ujazo unaojulikana kwa chujio uliyoipima uzito ikiwa kavu. Isuuze na maji safi kabla ya kuikausha, la sivyo utapima chumvi.

7. Hesabu. Tuseme lita moja ina miligramu 50 za tope, kila gramu ya tope imebeba mikrogramu 100 za risasi, na iliyoyeyuka ni mikrogramu 2. Tope limebeba 5, jumla 7: asilimia 71 ya risasi inasafiri juu ya chembe.

Kisha chora metali iliyoyeyuka dhidi ya chumvi, na uunganishe mto na bahari kwa mstari ulionyooka. Vituo vikikaa kwenye mstari wenyewe, maji yamechanganyika tu. Vikilala chini yake, chembe zimechukua. Dogo aliporudia, chuma kililala chini kabisa, lakini kadimi, metali nyingine aliyoipima, ikapanda juu ya mstari, akanipigia simu usiku akidhani ameharibu tena. Hakuharibu. Kloridi, sehemu ya chumvi ya baharini, inaishika kadimi na kuibandua kwenye tope.