Mkoba wa Kuendea Ruracio: Ushone Mwenyewe kwa Mabaki ya Kitenge cha Gauni

Fundi akimaliza gauni lako, mwombe mabaki kabla hajayafagia. Kitenge huuzwa pisi ya yadi 6, na gauni la kawaida huacha kipande kizuri tu. Ukipata cha sentimita 50 kwa 35, mkoba umepatikana: ule wa kukunjwa kama bahasha, wa kushika mkononi au kuning'iniza begani kwa mnyororo. Nimeshonea akina dada wengi wa hapa Nairobi mikoba ya aina hii, ya ruracio (sherehe ya mahari ya Wakikuyu), ya harusi, ya mahafali, na bado nafurahi kila nikimwona mtu akiingia ukumbini na mkoba uliozaliwa na nguo aliyovaa.

Pima vitu kwanza

Weka mezani kila utakachobeba siku hiyo: simu, funguo, rangi ya mdomo, kitambaa cha mkono, bahasha ya pesa. Simu kubwa za siku hizi hufika urefu wa sentimita 16 au 17, ndiyo maana mkoba wangu huwa na upana wa sentimita 28, kimo 17, na kifuniko cha 13. Kata gazeti la 28 kwa 47 (17 za mbele, 17 za mgongo, 13 za kifuniko), likunje kwa vipimo hivyo, uweke vitu ndani. Ikibana kwenye gazeti, itabana zaidi kwenye kitambaa. Badilisha vipimo sasa.

Mahitaji

Kitenge na bitana, kila kimoja sentimita 30 kwa 49. Yaani gazeti lako pamoja na sentimita 1 ya kushonea kila upande. Gamstei ngumu, kitambaa cha kukazia, ile ya kola yenye gundi upande mmoja, 28 kwa 47 kamili, bila nyongeza, ili mishono isivimbe. Sumaku moja ya mkoba yenye vipande viwili, cha juu na cha chini, ringi mbili za D, uzi wa polista, na sindano ya cherehani namba 14. Weka na ya 16 karibu, utaihitaji penye unene.

Kwa bitana mimi hupenda pamba nyepesi. Satini inang'aa vizuri lakini huteleza chini ya mguu wa cherehani, na kama ni mkoba wako wa kwanza itakutesa. Vitambaa utavipata Biashara Street au Eastleigh. Mnyororo, nenda Gikomba ukatafute mkoba wa mtumba uliochakaa ngozi lakini chuma chake bado kizima. Vuta kila pete kwa nguvu kabla ya kulipa. Sentimita 120 zinatosha begani.

Kupanga maua: hapa usiharakishe

Miaka kadhaa iliyopita nilimshonea mteja mkoba wa kitenge cha ndege wakubwa. Nilishona vizuri, nikapiga pasi, nikaufunga. Jioni ya kuamkia ruracio mama yake akaufungua, akanyamaza, kisha akaniuliza kwa upole, "Fundi, mbona ndege wamekufa?" Ndege wote wa upande wa mbele walikuwa vichwa chini, miguu juu. Nilikesha nikikata mwingine kwa kipande cha mwisho kilichobaki.

Kilichotokea ni hiki. Mkoba huu ni utepe mmoja mrefu: unaanzia mdomoni mbele, unashuka hadi kitako, unapanda mgongoni, halafu unapinda juu na kushuka tena mbele kama kifuniko. Mbele na kifuniko vinashuka, mgongo unapanda. Hakuna namna zote tatu zitakaa sawa kwa kipande kimoja. Kwa hiyo, kama kitenge chako kina kichwa na miguu, elekeza vichwa kwenye ncha ya mdomo, si kwenye ncha ya kifuniko. Mbele na kifuniko vitasimama sawa, na mgongo ndio utakaopinduka, ambao utakuwa umeuegemeza mwilini. Ukitaka hata mgongo usimame, kata vipande vitatu, mbele, mgongo na kifuniko, uviunganishe kitakoni na penye mkunjo wa kifuniko, na uongeze sentimita 1 kwa kila ukingo wa kuunganisha.

Kisha tafuta ua la katikati ya kifuniko. Kata dirisha la 28 kwa 13 kwenye karatasi, ulitembeze juu ya kitenge polepole mpaka uone picha inayokupendeza. Mimi hukaa hapa nusu saa nzima na siioni kuwa imepotea.

Kama ni leso badala ya kitenge, chunga jina. Maneno ya leso mara nyingi ni marefu kuliko kifuniko, na ukiyakata katikati unabaki na nusu ya usemi kifuani pa watu. Tumia pindo, jina uliache kwa shuka la mtoto.

Pasi

Laza gamstei katikati ya kitenge upande wa nyuma, gundi ikitazama kitambaa. Ule upande wenye chembe zinazong'aa ndio gundi. Funika kwa kitambaa chenye unyevunyevu, kandamiza pasi sekunde kumi hivi, inua, sogea. Usiburute, itajikunja. Iache ipoe kabisa kabla ya kuigusa. Mwisho, kunja kwenye mistari miwili ya gazeti na uipige pasi ishike.

Sumaku na ringi

Sumaku ya juu inakaa kwenye bitana ya kifuniko, katikati, sentimita 4 kutoka ukingo. Ya chini inakaa kitenge cha mbele, sentimita 10.5 kutoka ukingo wa mdomo. Bandika kipande cha gamstei nyuma ya kila moja kabla ya kutoboa, la sivyo itang'oka na kitambaa. Kata vijitepe viwili vya kitenge, pitisha ringi, uvishike kwa mshono kwenye kingo mbili za mbele, sentimita 3 chini ya mdomo, ringi zikitazama ndani.

Kushona

Kunja kitenge, uzuri kwa uzuri (pande za maua zikitazamana), sentimita 18 kutoka ukingo wa mdomo. Shona pande mbili kutoka kitakoni, ukome sentimita 1 kabla ya mdomo na urudishe mshono. Fanya vivyo hivyo kwa bitana, lakini ingia ndani milimita 2 zaidi, isije ikajaa mikunjo, na upande mmoja uache wazi sentimita 11.

Mshono ulipokomea, chanja (kata kidogo kwa mkasi) ukingo wa kipande cha nyuma peke yake, ukome uzi mmoja kabla ya mshono. Usipochanja, pembe ya kifuniko itavutika na hakuna pasi itakayoinyoosha.

Geuza mfuko wa kitenge, uutumbukize ndani ya bitana, uzuri kwa uzuri. Shona kuzunguka kifuniko kutoka chanjo hadi chanjo. Halafu vuta kifuniko kando na ushone mdomo wa mbele peke yake. Punguza pembe. Geuza kazi yote kupitia lile tundu la bitana, taratibu, kwa vidole. Ukivuta kwa nguvu gamstei itavunjika na alama haitatoka. Sukuma pembe kwa kijiti cha mianzi, si kwa ncha ya mkasi.

Piga pasi, pitisha mshono wa juu kuzunguka kifuniko kwa mishono mirefu ya milimita 3, ziba tundu kwa mkono. Lalisha mkoba chini ya vitabu vizito usiku mmoja. Asubuhi tia mnyororo, weka simu ndani, funga, utikise. Sumaku ikishika na simu imo, umemaliza.