Hakuna "kidogo tu": ukimkaribisha mtu mwenye siliaki

Mdogo wangu alimeza vidonge vya madini ya chuma kwa miaka kwa kupungukiwa damu, na kila mtu, mimi nikiwemo, alimwambia ni hedhi. Kumbe ni ugonjwa wa siliaki (kwa Kiingereza coeliac disease). Hapa Uingereza inakadiriwa mtu 1 kati ya 100 anayo, na wengi hawajijui. Kwetu hata jina lake ni geni, ndiyo maana mtu akikataa chapati tunasema uzungu umemwingia.

Si aleji, wala si mtindo wa kupunguza mwili. Mwenye siliaki akila ngano, shayiri au rai (nafaka iitwayo rye), gluteni, yaani protini iliyomo, huifanya kinga yake ya mwili imgeuke mwenyewe. Utando wa utumbo mdogo, ule unaofyonza chakula, unaharibika. Kuna wanaoharisha na kuvimba tumbo. Kuna ambao tumbo liko kimya kabisa, ila damu haipandi, uchovu hauishi, vidonda vya mdomoni vinarudi, au mimba zinaharibika. Mtoto anaweza kudumaa tu. Dawa ya kumeza hakuna; ni kuacha gluteni maisha yote.

Ukijishuku, usikimbilie kuacha ngano. Hapa ndipo wengi tunajikwaa. Kipimo cha damu hutafuta kingamwili ambazo gluteni ndiyo inazichochea, kwa hiyo aliyeacha chapati mapema anaweza kuambiwa hana ugonjwa ilhali anao. Ushauri wa NHS, huduma ya afya ya umma ya hapa, ni kula gluteni katika zaidi ya mlo mmoja kila siku, kwa wiki 6 au zaidi, kabla ya kupimwa. Kwa daktari usiishie kwenye "tumbo linanisumbua". Taja upungufu wa damu, taja mimba zilizoharibika, taja ndugu wa damu mwenye ugonjwa huu, maana kwa mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja uwezekano unafika kama 1 kati ya 10. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani, NHS haikutozi.

Sasa jikoni. Ugali, wali, muhogo, matoke, mtama, ulezi, maharage, samaki wa nazi: vyote asili yake havina gluteni. Hatari iko kwenye mikono yetu. Mafuta yaliyokaanga sambusa ukiyakaangia viazi vya mgeni huyo, umeshamlisha ngano. Kikaango cha chapati ni vilevile, na mwiko wa mbao pia. Vitumbua ni vya mchele, sawa, lakini nawajua wapishi (sitaji) wanaotupia kijiko cha unga wa ngano "vishikane". Biriani huponzwa na vitunguu vya kukaanga vya pakiti, ambavyo mara nyingi vina unga wa ngano. Hingi (kiungo kiitwacho asafoetida) ya dukani nayo huchanganywa na unga huohuo. Bokoboko la Idi usimsogezee kabisa, ni ngano tupu. Unga wa lishe usome pakiti kwanza. Bia nyingi ni za shayiri.

Kusoma pakiti si kazi kubwa. Sheria ya hapa inataka ngano, shayiri, rai na oti (oats) vionekane waziwazi kwenye orodha ya viungo, kwa kawaida kwa herufi nzito. Tafuta maneno "gluten free", maana yake gluteni haizidi miligramu 20 kwa kilo. "Wheat free" ni jambo jingine: shayiri inaweza kuwa imejificha humo.

Kanisani nako kuna mtihani. Kwa Wakatoliki, hostia (mkate wa komunyo, wa ngano) isiyo na gluteni kabisa haikubaliki, lakini barua ya Vatikani ya mwaka 2003 inaruhusu yenye gluteni kidogo sana, au kupokea Damu ya Kristo (divai) peke yake. Mgonjwa aulize daktari wake kama hiyo hostia inamfaa, kisha azungumze na padri kabla ya Misa, si kwenye foleni ya komunyo.

Shirika la Coeliac UK lipo tangu 1968 na lina simu ya ushauri. Muulize daktari pia kuhusu mkate na unga usio na gluteni unaotolewa kwa cheti cha daktari. Kuna maeneo bado yanatoa.

Na siku ya shughuli, mama mwenye nyumba, mpigie mgeni wako simu mapema umuulize anakula nini. Usimbembeleze mbele za watu, "onja tu, shangazi kapika kwa mikono yake." Mtengee sufuria yake na mwiko wake, na mpakulie yeye kwanza, kabla vijiko havijaanza kuhama bakuli hadi bakuli.