Jinsi ya kudaka gazeti na picha zinazorushwa kwa faksi ya redio

Wengi wakisikia faksi wanakumbuka ile mashine ya ofisini yenye karatasi linalojikunja, kumbe kuna faksi nyingine inapita hewani kwenye mawimbi mafupi, na ukiwa na laptop na bando unaweza kuidaka leo leo. Shirika la habari la Kyodo la Japani limekuwa likiwarushia mabaharia kurasa nzima za gazeti kwa njia hii, picha na maandishi, kituo chao kinaitwa JJC. Vituo vya hali ya hewa navyo vinarusha ramani zao hivyohivyo, na mimi nashauri uanze na hivyo maana ni rahisi zaidi.

Kwanza elewa kinachofanyika, la sivyo utabonyeza vitufe hovyo. Faksi haitumi faili. Picha inasomwa mstari kwa mstari toka juu kwenda chini na kila nukta inageuzwa mlio, nyeusi 1500 Hz, nyeupe 2300 Hz, kijivu kinakaa katikati. Huku kwako programu inasikiliza na kuchora. Hakuna wa kukuambia mstari umeishia wapi, programu inahesabu muda tu, kwa hiyo saa ya kule na ya kwako zikipishana hata kidogo picha inalala upande. Shida hii ni ya zamani. Shirika la habari la AP la Marekani lilipoanzisha Wirephoto, huduma ya kutuma picha kwa waya wa simu, tarehe 1 Januari 1935, picha ya kwanza ikiwa ya ajali ya ndege kwenye milima ya Adirondack, picha ilifungwa kwenye silinda inayozunguka, na silinda za kwenye magazeti yanayopokea zilitakiwa kuzunguka kwa kasi ileile kabisa. Leo silinda hakuna ila sheria ni ileile.

Haya, vifaa. Kama huna redio ya mawimbi mafupi usinunue kwanza, tumia KiwiSDR, yaani mtu kaunganisha redio yake na intaneti na wewe unaiongoza kwenye brauza bure. Chagua iliyo karibu na kituo, sio karibu na wewe! Ukitaka JJC tafuta Kiwi ya Japani au nchi za jirani yake, ukitaka ramani za DWD, idara ya hali ya hewa ya Ujerumani (mitambo yao iko Pinneberg karibu na Hamburg) tafuta ya Ulaya. Kiwi ina sehemu yake ya faksi ndani, unafungua, unachagua kituo, inaanza kuchora, mambo kwisha. Ila kumbuka zinabeba watu wachache kwa wakati mmoja na nyingine zina kikomo cha muda, ukitolewa katikati ya ukurasa usikasirike.

Ukiwa na redio yako mwenyewe, pakua Fldigi, ni ya bure, ingia kwenye modi ya WEFAX-IOC576. Redio weka USB (sio ile ya kuchomeka flashi, ni modi ya kupokea), halafu hapa ndo wengi wanakwama: masafa yanayoandikwa kwenye ratiba ni ya katikati, wewe unatakiwa kushuka 1.9 kHz chini yake. DWD wako 3855, 7880 na 13882.5 kHz, kwa hiyo kwenye redio unaandika 3853.1, 7878.1 au 13880.6. JJC wana 12745.5 na 16971 miongoni mwa mengine, unaweka 12743.6 au 16969.1. Usiposhuka picha haisomeki. Mchana jaribu masafa ya juu, usiku ya chini. Antena ya waya wa mita 10 hivi nje ya dirisha inatosha kuanzia, na zima taa za LED na chaja za bei poa, kelele zake kwenye mawimbi mafupi ni balaa.

Kasi nayo iangalie. Ramani za hali ya hewa huenda mistari 120 kwa dakika, gazeti la Kyodo 60, yaani mstari mmoja kila sekunde. Ukiacha 120 kwenye gazeti utaona uchafu usiosomeka ukadhani ni mawimbi mabaya, kumbe ni namba tu. Mstari mmoja una nukta kama 1810 hivi, kwa hiyo picha ya mraba kwa kasi ya 60 inachukua nusu saa nzima, weka chai jikoni.

Ratiba zote zinaandikwa kwa UTC, yaani saa ya kimataifa. Kwa sisi wa Afrika Mashariki tunaohesabu saa kwa Kiswahili ni rahisi ajabu, toa tatu: 0600 UTC ni saa tatu asubuhi, 1200 ni saa tisa alasiri. Ikizidi kumi na mbili toa tena kumi na mbili, 1800 inakuwa saa tatu usiku.

Kabla ya picha utasikia mlio wa kuanzia unaokwaruza, programu inautambua na kuanza yenyewe. Ukichelewa ukaukosa, kwenye Fldigi bonyeza kitufe cha Skip APT kisha Skip phasing, itachora kuanzia hapo, ila ukingo wa ukurasa utakuwa katikati ya skrini, unausogeza baadae.

Sasa kuhusu picha kulala upande. Saa ya saundikadi yako (kifaa cha sauti cha kompyuta) ikikosea sehemu 50 tu kwa milioni, kila mstari unasogea chini ya moja ya kumi ya nukta, huoni kitu, lakini mistari 1000 baadae ukurasa umesogea nukta 90. Rekebisha kwenye Slant, sehemu ya Fldigi ya kunyoosha picha, kidogo kidogo mpaka ukingo usimame wima, ukishapata namba yako iache hivyo hivyo, haibadiliki sana. Tofauti ni picha inayokatika na kuruka ghafla kama ngazi, hiyo sio saa, ni sauti iliyopotea njiani, mara nyingi unapotoa sauti ya brauza kuipeleka Fldigi na intaneti ikakwama. Hapo Slant haisaidii, kwa hiyo ukirekodi sauti (faili la WAV) ili uichore tena baadae, iwe ya redio moja kwa moja, sio ya brauza, ndo utaweza kurudia kuchora picha hiyohiyo ukiwa na mipangilio mingine.