Mwongozo wa Jinsi ya Kuomba Jina la Kisayansi kwa Spishi Mpya ya Mmea

Anayefika hebariamu, yaani hifadhi ya mimea iliyokaushwa, akiwa ameshika tawi la mmea anaoamini haujawahi kupewa jina, kwa kawaida huanza kwa kuuliza fomu ya maombi inapatikana wapi na ada yake ni kiasi gani. Fomu hiyo haipo, wala hakuna ofisi duniani inayogonga muhuri kwenye jina la mmea. Kilichopo ni Kanuni za Kimataifa za Majina ya Mwani, Kuvu na Mimea, ambazo hupitiwa upya kila Kongamano la Kimataifa la Botania linapokutana, kwa kawaida baada ya miaka 6, na mara ya mwisho lilikutana Madrid mwaka 2024. Maombi yako ni makala ya kitaalamu. Makala ikitimiza masharti ya Kanuni, jina huanza kuhesabiwa siku ile ile inapochapishwa. Ikikosa sharti moja la lazima, jina halihesabiki hata kama mmea wenyewe ni mpya kweli kweli.

Jina hufungwa kwenye nini

Kabla ya hatua yoyote ni lazima mwombaji aelewe anachoomba. Jina la spishi lina maneno mawili: la kwanza ni jenasi, huandikwa kwa herufi kubwa mwanzoni, na la pili huitofautisha spishi hiyo na nyingine za jenasi yake. Mbuyu ni Adansonia digitata; jenasi inamkumbuka Michel Adanson, Mfaransa aliyefanya kazi Senegal, na digitata inaeleza majani yaliyotandazwa kama vidole vya mkono. Juu ya jenasi kuna familia, ambayo jina lake huishia na -aceae, na juu ya familia kuna oda, inayoishia na -ales. Mbuyu, pamba na bamia zote zimo katika familia ya Malvaceae, na anayelinganisha ua la bamia na ua la pamba hatahitaji kushawishiwa.

Baada ya maneno hayo mawili huandikwa kifupisho cha aliyetoa jina, na kifupisho hicho ni kumbukumbu ya safari ya jina lenyewe. Mkarafuu huandikwa Syzygium aromaticum (L.) Merr. & L.M.Perry, kwa maana kwamba Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliuita aromaticus mwaka 1753 akiwa ameuweka katika jenasi nyingine, Caryophyllus, kisha Merrill na Perry wakauhamishia jenasi ya Syzygium mwaka 1939. Mabano ndiyo yanayotunza haki ya aliyetangulia.

Lakini jambo ambalo wengi hulikosa ni kwamba jina halifungwi kwenye maelezo, wala kwenye picha nzuri, wala kwenye mti uliosimama msituni. Hufungwa kwenye kielelezo kimoja kilichokaushwa, kinachoitwa holotaipu, na popote kielelezo hicho kitakapopangwa na wataalamu wa kesho, jina litakifuata. Migunga yetu inalijua hilo vizuri. Kwa zaidi ya miaka 200 iliitwa Acacia, hadi ilipobainika kwamba kundi hilo lilikuwa mchanganyiko wa jenasi kadhaa. Kwa utaratibu wa kawaida jina lingebaki na kundi lenye kielelezo cha asili, ambacho kilikuwa cha spishi ya Afrika na Asia. Lakini kongamano la Vienna la mwaka 2005 lilikubali kielelezo cha jenasi kiwe cha spishi ya Australia, na kongamano la Melbourne la mwaka 2011 likashikilia uamuzi huo. Ndiyo maana mgunga wa nyikani leo ni Vachellia tortilis. Wapo wanaonung'unika hadi sasa, nami sijawahi kuwalaumu.

Hatua ya kwanza: vibali kabla ya kukata tawi

Kielelezo kilichochumwa bila kibali kinaweza kuwa halali mbele ya Kanuni za majina lakini kikawa haramu mbele ya sheria ya nchi, na majarida mengi siku hizi hudai namba ya kibali kabla ya kupokea makala. Tanzania Bara, kibali cha utafiti hutolewa na Tume ya Sayansi na Teknolojia, COSTECH. Zanzibar ina utaratibu wake. Juu ya hicho huhitajika ruhusa ya mwenye msitu: Wakala wa Huduma za Misitu kwa hifadhi za misitu za serikali kuu, TANAPA kwa hifadhi za taifa, na serikali ya kijiji kwa msitu wa kijiji. Usiidharau hiyo ya mwisho. Mwenyekiti wa kijiji aliyepita nawe kwenye njia ya msitu ndiye atakayekuonyesha mti wa pili wenye matunda, ambao usingeupata kwa miaka mitatu. Kenya, leseni ya utafiti hutolewa na NACOSTI, na yanayohusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki hupitia NEMA, mamlaka ya mazingira, kwa kufuata Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010, inayohusu kugawana manufaa ya rasilimali hizo.

Iwapo nakala za kielelezo zitavuka mpaka, andaa pia makubaliano ya kuhamisha sampuli pamoja na cheti cha afya ya mimea, ambacho Kenya hutolewa na KEPHIS na Tanzania na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Okidi zote, na mimea mingine kama mishubiri ya porini iliyo mingi, zimo katika orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, kwa hiyo huhitaji kibali cha ziada.

Hatua ya pili: kuandaa kielelezo

Hapa ndipo maombi mengi huharibikia, tena bila mwombaji kujua. Tawi lisilo na maua wala matunda halitoshi, kwa sababu uainishaji wa mimea itoayo maua umejengwa zaidi juu ya viungo vya uzazi: idadi ya stameni, mahali ilipo ovari, jinsi petali zilivyoungana au kuachana. Kama mmea una miti dume na miti jike, mfano wa mpapai, kusanya yote miwili na uipe namba tofauti. Chukua nakala tatu au zaidi kutoka mmea ule ule, kila moja isizidi ukubwa wa karatasi ya hebariamu, takribani sentimita 42 kwa 28, na tawi likiwa refu likunjwe kwa umbo la V au N badala ya kukatwa ncha.

Laza kila nakala ndani ya gazeti lililokunjwa, ukigeuza angalau jani moja ili upande wa chini uonekane, kisha panga magazeti hayo katikati ya makaratasi ya boksi na uyafunge kwenye kibanio kwa mikanda. Badilisha magazeti kila siku mpaka mmea ukauke, hasa wakati wa masika, kwani ukungu hausubiri. Vipande vichache vya jani viwekwe peke yake ndani ya silika kavu kwa ajili ya uchunguzi wa vinasaba.

Kisha daftari. Andika papo hapo yale ambayo ukaushaji utayafuta: rangi ya ua likiwa bichi, harufu, utomvu ni mweupe au wa maji maji, gome likikatwa linaonyesha rangi gani, urefu wa mti. Andika mahali kwa jina la kijiji na kwa vipimo vya GPS, mwinuko kutoka usawa wa bahari, aina ya msitu, tarehe, jina la mkusanyaji na namba yake, ambayo isirudiwe maisha yake yote. Andika na jina ambalo wenyeji huuita mmea huo, pamoja na lugha yao. Nimewahi kushika kielelezo kizuri ajabu, ua lake limekauka likiwa limefunguka sawasawa, na lebo yake imeandikwa "njia ya Muheza, Juni" basi. Mmea ule haukufaa kuwa holotaipu ya chochote.

Hatua ya tatu: kuthibitisha kwamba ni mpya

Anza na ufunguo wa utambuzi katika Flora of Tropical East Africa, kazi iliyoanza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012, ikieleza zaidi ya spishi 12,000 za Kenya, Uganda na Tanzania. Kisha linganisha kielelezo chako na vilivyomo hebariamu, si katika jenasi unayoidhania tu bali na katika zile zinazofanana nayo. Hebariamu ya Afrika Mashariki iliyopo Nairobi, ambayo mkusanyiko wake ulianzia Amani, Usambara, mwaka 1902, ndiyo kubwa kuliko zote katika ukanda wetu. Hebariamu ya Taifa ya Tanzania iko Arusha, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ya kwake. Picha za holotaipu nyingi zilizohifadhiwa Ulaya sasa zinaonekana mtandaoni, jambo lililopunguza sana gharama ya safari.

Mimi mwenyewe niliwahi kutumia miezi minne kuandika maelezo ya kichaka cha familia ya mibuni, nikiwa na hakika hakuna aliyekitangulia. Alasiri moja, nikitafuta kitu kingine kabisa, nilifungua jalada la jenasi ya jirani nikakikuta kichaka changu kimelala pale, kimechumwa enzi za Wajerumani, chenye jina halali na wino uliofifia. Tangu siku hiyo hutuma nakala kwa mtaalamu wa familia husika kabla ya kuandika hata sentensi moja.

Hatua ya nne: kuchagua neno la pili

Jina lisiwe limekwisha kutumika katika jenasi hiyo, na neno la pili lisirudie la kwanza. Wenzetu wa elimu ya wanyama wanaruhusiwa Gorilla gorilla, sisi haturuhusiwi. Neno likiwa kivumishi, lipatane na jenasi, nasi tuliozoea mti mrefu na kitabu kirefu hatupaswi kushangaa kwamba Kilatini nacho kina upatanisho wake. Ua la Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alilipeleka Ujerumani, Hermann Wendland alilitaja mwaka 1893 kuwa Saintpaulia ionantha. Lilipohamishiwa jenasi ya Streptocarpus, likawa Streptocarpus ionanthus.

Jina linaweza kutokana na mahali, kama usambarensis, au na sifa, kama princeps, lenye maana ya mkuu au wa kwanza, lililopewa Tessmannia princeps, mti mrefu wa misitu ya Udzungwa ulioonekana mwaka 2019 na kuchapishwa mwaka 2025. Linaweza kumheshimu mtu: Juma atazaa jumae, na Daudi daudii. Kujipa jina lako mwenyewe hakukukatazwa, ila ni utovu wa adabu. Na Kiswahili chenyewe kinaruhusiwa. Mkilua, mti wa pwani unaopendwa kwa harufu ya maua yake, ulipewa na mtaalamu wa mimea Verdcourt jina la jenasi Mkilua mwaka 1970, na spishi yake ikaitwa Mkilua fragrans. Ningependa kuona majina ya namna hiyo yakiongezeka.

Hatua ya tano: kuandika na kuchapisha

Makala iwe na maelezo kamili ya mmea, au walau maelezo mafupi yanayoutofautisha na ndugu zake wa karibu, kwa Kilatini au Kiingereza. Kati ya mwaka 1935 na 2011 Kilatini pekee ndicho kilichokubalika kwa mimea mingi. Kiswahili bado hakimo, kwa hiyo maelezo ya Kiswahili yawekwe kama nyongeza. Maneno ya kuonyesha kwamba hii ni spishi mpya yaandikwe waziwazi kando ya jina, yaani sp. nov.

Holotaipu itajwe bila utata. Tangu mwaka 1990 neno holotypus au typus, au linalolingana nalo katika lugha ya kisasa, lazima liwepo, pamoja na hebariamu moja ambamo kielelezo kimehifadhiwa. Tuseme mmea ulichumwa Usambara Mashariki: mstari huo utataja nchi, mkoa, kijiji, mwinuko, tarehe, mkusanyaji na namba yake, kisha "holotypus NHT, isotypi EA, K", kwa maana kwamba holotaipu iko Arusha na nakala zake ziko Nairobi na Kew, Uingereza. Kuandika "holotypus NHT au EA" kunatosha kuliua jina. Kwa maoni yangu holotaipu ibaki katika nchi ulikoota mmea, na nakala ndizo zisafiri.

Uchapishaji wenyewe uwe katika jarida la kitaalamu, la karatasi au, tangu mwaka 2012, la faili ya PDF lenye namba ya ISSN au kitabu chenye ISBN. Jina lililotangazwa gazetini au kwenye ukurasa wa mtandao halijachapishwa kwa maana ya Kanuni, na lililomo ndani ya tasnifu ya chuo kwa kawaida nalo halijachapishwa. Uliza mapema kuhusu ada, kwa kuwa majarida mengine hutoza na mengine hayatozi.

Kwa mimea, usajili kabla ya kuchapisha si sharti. Kwa kuvu, tangu mwaka 2013, namba ya usajili ni ya lazima. Mkulima mwenye aina mpya ya maharage aliyoizalisha shambani naye asipite mlango huu, kwani anachohitaji ni haki ya mgunduzi wa aina mpya za mimea, ambayo Kenya hushughulikiwa na KEPHIS na Tanzania na ofisi ya haki hizo chini ya wizara ya kilimo.

Baada ya kuchapishwa

Wahariri wa orodha ya kimataifa ya majina ya mimea, IPNI, hulichukua jina kutoka kwenye majarida bila malipo. Likichelewa kuonekana, waandikie na uwapelekee makala. Peleka nakala ya makala katika mamlaka iliyokupa kibali na nyingine kijijini. Mwisho rudi hebariamu ukiwa na jina la jarida, namba ya toleo na ukurasa, ubandike kikaratasi chenye neno Holotypus juu ya kielelezo chako, na mtunzaji atakitoa kwenye jalada la kawaida akihamishie kwenye kabati la vielelezo vya aina hiyo, ambavyo katika hebariamu nyingi hutambulikana kwa majalada yao mekundu.