Jinsi ya Kulikagua Kopo la Unga wa Misuli Kabla ya Kulilipia

Jimu ninayofanyia mazoezi hapa Dodoma ina kabati la kioo karibu na mlango, na ndani yake yamepangwa makopo yenye picha za vifua na mikono ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuifikia. Ukiamua kununua, jambo la kwanza ni kuligeuza kopo. Upande wa mbele ni wa watu wa matangazo, lakini nyuma kuna jedwali, na jedwali hilo linapigiwa hesabu.

Tafuta gramu za protini katika kipimo kimoja, kisha uzigawanye kwa uzito wa kipimo chenyewe. Unga wa kawaida wa whey, yaani protini ya yale maji yanayobaki maziwa yanapogandishwa kutengenezea jibini, huwa na takriban gramu 24 za protini katika kipimo cha gramu 30, ambazo ni asilimia 80. Mimi sikupiga hesabu hiyo mapema. Nilinunua unga wa kuongeza uzito uliojitapa kwa gramu 50 za protini, nikagundua nyumbani kwamba kipimo chake kimoja ni gramu 330, na kwamba gramu zaidi ya 250 kati ya hizo ni wanga, hasa maltodekstrini, ambayo mara nyingi hutengenezwa kwa mahindi. Kwa maneno mengine, nilikuwa nimenunua kwa bei ya kopo kitu ambacho kwenye soko la mahindi la Kibaigwa kinauzwa kwa gunia. Kilo ziliongezeka kweli, ila nyingi zilikaa kiunoni.

Hatua inayofuata ni kujua unahitaji kiasi gani. Kwa anayenyanyua vyuma, takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku hutosha, hivyo mtu wa kilo 70 anahitaji kama gramu 112. Kabla ya kuamini kwamba huzifikii, andika kwa siku tatu kila unachokula: yai moja lina karibu gramu 6, lita ya maziwa ina zaidi ya 30, gramu 50 za dagaa wakavu zina karibu 30, na gramu 100 za karanga zina kama 25, ingawa karanga huja na mafuta mengi. Kisha linganisha bei. Trei ya mayai 30 ina takriban gramu 180 za protini. Gawanya bei yake kwa 180, kisha gawanya pia bei ya kopo kwa jumla ya gramu za protini zilizomo, na utaona unalipia nini. Unga ni chakula chenye protini kama vyakula vingine, na faida yake kubwa ni kwamba haupikwi wala hauozi haraka.

Kriatini ni habari nyingine, kwa kuwa ndiyo bidhaa adimu katika kabati lile ambayo ahadi yake inashika. Huongeza akiba ya nishati ya haraka ndani ya misuli, hivyo unaweza kurudia uzito mara moja au mbili zaidi kabla ya kuchoka, na misuli hujengwa na kazi hiyo ya ziada. Tumia gramu 3 hadi 5 kila siku, na uchague kriatini monohaidreti ya kawaida, kwa sababu aina za bei kubwa hazijaonyesha kuishinda. Kilo moja au mbili zitakazoongezeka mwanzoni ni maji, basi usizishangilie. Ukienda kupima figo, mwambie daktari kwamba unaitumia, maana inaweza kupandisha kreatinini, yaani taka ya misuli inayotumika kupimia figo, kwenye majibu hata kama figo ni nzima.

Asidi amino, yaani vijenzi vya protini, zinazouzwa peke yake ziache ikiwa protini yako inatosha. Vidonge vinavyodai kupandisha homoni za kiume visome kwa makini zaidi: vingi vina Tribulus terrestris, ambayo si kitu kingine bali mbigili, ile inayotoboa matairi ya baiskeli zetu kila kiangazi, na majaribio kwa wanaume wenye afya hayajaonyesha kwamba huipandisha homoni hiyo.

Mwisho kagua usalama, kwa kuwa baadhi ya bidhaa zimewahi kukutwa na steroidi, yaani dawa za homoni za kukuza misuli, zisizotajwa kwenye lebo. Hapa nchini usalama wa chakula uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) tangu mwaka 2019. Kwa bidhaa za nje, alama ya Informed Sport, mpango unaopima virutubisho kama vina dawa zilizokatazwa michezoni, ina maana pale tu namba ya toleo iliyo kwenye kopo inapopatikana katika tovuti yao. Na unga unaochotwa kwenye ndoo na kupimiwa kwenye kifuko usiununue kabisa, hata ukiambiwa ni uleule wa kopo, kwa sababu hauna jedwali la kusoma wala namba ya kutafuta.