Kuziba mdila wa shaba unaovuja kwenye kiungo

Midila ya shaba, yaani mabirika ya kahawa, iliyodumu miaka mingi katika nyumba za Tanga aghalabu huvujia pale mdomo unapoungana na tumbo, na mara nyingi sababu si uzee wa shaba bali ni mdila kusahauliwa juu ya makaa mpaka maji yakakauka. Lehemu laini ya bati na risasi, inayoshika kiungo hicho, huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 183 za Selsiasi. Maji yanapokuwamo, shaba iliyo chini ya usawa wake haipandi sana kupita nyuzi 100. Yakiisha, hakuna tena kinachoizuia.

Kabla ya kuwasha moto, tafuta panapovuja hasa, kwa kuwa maji huambaa na mshono yakadondoka mbali na tundu lenyewe. Jaza maji, futa nje pakauke kabisa, nyunyizia unga wa ngano kuzunguka kiungo, kisha tia alama ya penseli pale unga unapoanza kulowa.

Lehemu kuukuu haina budi kuondolewa yote. Wapo mafundi wanaodondoshea mpya juu ya ile ya zamani, wakalipwa, na mdila ukawarudia kabla mwezi mwingine haujaandama. Ichukulie lehemu hiyo kuwa ina risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto na wajawazito: fanya kazi nje, vaa glavu za ngozi, ipashe moto mpaka iyeyuke, uifute kwa kitambaa cha pamba, wala usiipige msasa ikiwa kavu, maana vumbi lake huvutwa na pumzi.

Kutu ya kijani, ambayo hewa ya chumvi ya pwani huizidisha, huondoka kwa ndimu na chumvi. Suuza, kausha, kisha sugua kingo zote mbili mpaka shaba ing'ae kwa wekundu wake, na baada ya hapo usiziguse kwa kidole, kwani hata mafuta ya ngozi huifanya lehemu ikatae kushika. Mwanya kati ya mdomo na tumbo usizidi unene wa karatasi. Ukiwa mpana, lehemu haitavutwa ndani, itabaki juu kama nta.

Kwa chombo cha kunywea nunua lehemu isiyo na risasi. Ile ya bati na fedha kidogo, inayoyeyuka kwenye nyuzi 221, ndiyo ninayoipendelea. Ikiwa utando wa bati uliopakwa ndani umekwisha na shaba imebaki wazi, peleka mdila ukatiwe bati kwanza, ndipo uzibe kiungo, kwa sababu bati huyeyuka kwenye nyuzi 232 na joto la kulitia lingeifungua kazi yako yote.

Paka dawa ya kulehemu (flaksi), inayoisaidia lehemu kushika, kwenye kingo zote mbili, funga viungo vya jirani kwa matambara yaliyolowa, kisha pasha shaba yenyewe, si lehemu. Weka moto upande mmoja na uguse kwa lehemu upande wa pili: shaba ikiwa imefikia joto lake, lehemu itakimbilia moto na kujaza mshono pande zote kwa uzi mwembamba unaong'aa. Ondoa moto papo hapo. Usiutikise mdila wala kuutia majini mpaka upoe wenyewe, kwani kiungo kilichotikiswa kikiganda huwa na chengachenga na kitavuja tena.

Kiungo kilicho juu ya usawa wa maji na kinacholambwa na moto hakifai lehemu laini; hicho mpelekee sonara akiunge kwa lehemu ya fedha, na umwambie kwamba palikuwa na risasi, kwa sababu mabaki yake huiharibu kazi hiyo.

Mwisho osha mabaki ya dawa kwa maji ya moto yenye magadi kidogo, chemsha maji matupu mara mbili uyamwage, kisha ujaze mdila na kuuacha juu ya karatasi kavu usiku kucha.